Redio ya Kidato cha Tatu

Wasichana wa shule ile walimwita Mama Redio, na kama unadhani ni kwa sababu ya kusema sana, basi hujakosea sana. Lakini sababu yenyewe ilikuwa mezani darasani: kasha la mbao la redio ya zamani. Mumewe, fundi redio, alilitoa matumbo yote akampa zawadi wiki mkewe alipoajiriwa kufundisha dini katika sekondari ya masista. Pale palipokuwa na kitufe cha kutafutia stesheni palibaki tundu, na humo wasichana walitumbukiza maswali yao. Hakuna jina, na ni herufi kubwa tupu, ili mwandiko usimchongee mtu.

Sheria za Redio alizitunga mwenyewe na alizilinda kama mboni ya jicho. Kila Ijumaa mwalimu huingiza mkono kwa nyuma, huchomoa karatasi tatu bila kuchagua, na anachochomoa hukisoma chote. Akishindwa kujibu, huliandika swali kwenye kona ya kulia ya ubao, na chini yake: "Sijui bado." Dasta haigusi kona hiyo mpaka jibu lipatikane.

"Ni wewe peke yako hapa unayelipwa kwa kutojua," mwalimu wa hesabu alimtania.

Hakujali. Alikuwa binti wa mfua nguo wa masista hao hao, akasoma katika madarasa hayo hayo enzi ambazo dini ilikuwa kukariri kama kasuku. Siku moja aliuliza mdogo wake, aliyefariki kabla ya kubatizwa, yuko wapi. Alisimamishwa nje ya mlango kipindi kizima. Jibu hakupewa, na hasira ya siku ile ndiyo iliyompeleka chuo cha ualimu. Miaka kumi na tisa sasa hakuna msichana aliyesimamishwa nje kwa swali katika darasa lake, na hilo alilisema kwa kichwa juu, tena bila kuulizwa.

Mwaka ninaousimulia, binti yake wa pekee aliingia kidato cha tatu, darasa la mama yake. Shuleni alimwita Mwalimu, kama wenzake. Nyumbani, Mama. Na mwaka huo huo, mwezi wa pili, fundi redio alianguka akiwa ameinamia redio ya mteja, na hakuinuka tena.

Marehemu ndiye aliyeongoza rozari ya jioni pale nyumbani. Aliiongoza kwa mwendo wa heshima mpaka fungu la nne. La tano alilikimbiza mbio, maana taarifa ya habari ilikaribia, na mkewe na binti walibana vicheko mpaka machozi. Baada ya mazishi rozari ilibaki imetundikwa kwenye msumari.

"Leo nimechoka, mwanangu," mama alisema jioni ya kwanza.

Kesho yake akasema vile vile. Alichoka miezi saba. Binti hakulalamika, ila aliacha kumtazama mama yake usoni, na mama alipofundisha habari za sala, yeye alichora vijiduara pembeni mwa daftari. Afadhali angetukana. Mwalimu alijua kwamba anampoteza mtoto, na hakujua aanzie wapi kumrudisha.

Ijumaa moja alijibu maswali mawili, wasichana wakacheka, akaingiza mkono kutafuta la tatu. Vidole vilikijua alichoshika kabla macho hayajakiona: kadi ngumu yenye tundu la uzi, moja ya zile alizotumia mumewe kufunga kwenye redio za wateja. Aliitoa nusu, akachungulia. Hapakuwa na herufi kubwa. Palikuwa na herufi ndogo zilizoinama, mwandiko aliomfundisha mtoto mwenyewe kwenye meza ya jikoni.

Mkuki kwa nguruwe! Miaka yote hiyo aliyasoma maswali machungu ya watu wengine bila kupepesa. Sasa mkono wake ulikuwa bado ndani ya kasha. Angeiachia kadi na kuchukua karatasi nyingine, na ni watu wawili tu wangejua. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine alikaa safu ya pili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba alikuwa anamtazama usoni.

Alipiga moyo konde, akaisoma.

"Mwalimu anayetufundisha kusali, na nyumbani kwake hajasali tangu mumewe azikwe, tumwamini kwa lipi?"

Darasa zima liliinamisha vichwa.

"Mwalimu huyo ni mimi," alisema. "Na ni kweli. Kila jioni naitazama rozari pale ukutani. Naogopa kuishika, kwa sababu nikianza nitasikia sauti ambayo haipo. Majibu ya kitabuni nayajua, nimewafundisha mimi. Kwa sasa hayanitoshi."

"Sasa Mwalimu," msichana mmoja wa nyuma aliuliza kwa upole, "tukuamini kwa lipi?"

Aliugeukia ubao. Chaki ilikatika mara mbili, lakini aliliandika swali lote kwenye kona ya kulia, na chini yake: "Sijui bado."

Habari zilimtangulia kufika chumba cha walimu.

"Dada, umejivua nguo mbele ya watoto!" mwalimu wa hesabu alisema.

"Mficha uchi hazai, kaka," alijibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Jioni hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Binti aliitungua rozari msumarini, akaiweka katikati ya meza, akaanza peke yake. Fungu la tatu mama alijiunga, kwa sauti ya kukwaruza. Walipofika la tano, ulimi wake ukaanza kukimbia wenyewe, mbio za marehemu zile zile, na wote wawili wakacheka na kulia kwa pamoja hata Amina ikachelewa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya binti kufuta ubao. Mwalimu alipoingia aliukuta msafi, isipokuwa kona ya kulia. Chini ya "Sijui bado" palikuwa na mstari mpya, kwa herufi ndogo zilizoinama, zile zile za kwenye kadi:

"Kwa sababu ulilisoma lote."

Kwa sheria zake mwenyewe, jibu likishapatikana kona hufutwa siku hiyo hiyo. Mama Redio alishika dasta, akamtazama binti wa safu ya pili, akairudisha dasta mezani. Kona ile ilikaa mpaka shule ilipofungwa, na kila mgeni aliyepita darasani alionyeshwa, atake asitake.