Karatasi Sita za Avgeris

Watu wa Agriomilia, kijiji cha mlimani, walimjua Stamatia kwa jambo moja: ukimwambia neno leo, kesho limekwisha andikwa. Miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri kwenye barua za watu na kujizuia kuzisoma. Alipostaafu alinunua madaftari kumi, akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Alitaka kuandika kitabu cha ile asubuhi ya mwaka 1943, Wajerumani walipopanda kutoka mtoni, wakachoma kijiji na kuua watu kumi na mmoja wa Mtaa wa Juu.

Kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Alijua ni mbuzi wangapi waliungua, na nani alikimbia amekumbatia mto wa kulalia akidhani ni mtoto. (Mtoto alipona. Baadaye akawa fundi bomba.) Na sura ya tatu aliiita "Msaliti". Msaliti huyo alikuwa Avgeris, msagaji wa kinu cha mtoni, ambaye watu walimwona akitembea mbele ya askari akiwaonyesha njia. Jioni yake askari haohao walimpiga risasi darajani. Kijiji kizima kilisimulia hivyo. Bibi yake Stamatia, aliyemlea, alikuwa akinyamaza kila hadithi ilipofika hapo, na Stamatia aliuchukulia ukimya ule kuwa ni hasira.

Baridi ya mwaka 1999 aliisoma sura hiyo shuleni mbele ya watu. Alipomaliza, akainuka Vaia, binti wa Avgeris, mwanamke wa miaka sitini na minne aliyeishi na kuku wake pembezoni mwa kijiji.

"Stamatia, habari za baba yangu umewauliza watu wangapi?"

"Wote, dada Vaia. Nyumba kwa nyumba."

"Na yangu ina mlango. Uko upande wa barabara kabisa, wala hauna mbwa."

Akajifunga kitambaa chake, akatoka. Stamatia alirudi nyumbani amefura kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekamatwa na kosa analolijua.

Pale kijijini, Jumamosi ya Marehemu, kila nyumba huchemsha ngano, ikaitia sukari, zabibu na komamanga, ikaipeleka kanisani. Unakinga kiganja, unapewa ngano, unasema Mungu amrehemu fulani, unakula. Ukikataa, umemkatalia marehemu msamaha. Mke wa Avgeris alijaribu mara moja baada ya vita, akarudi na sinia limejaa vilevile. Tangu hapo ngano ya Avgeris haikwenda kanisani. Vaia aliipika kila mwaka, akala kidogo, iliyobaki akawamwagia kuku.

Kabla ya kupeleka kitabu kwa mchapaji, Stamatia alikwenda kwa Padri Thimios kuhakiki majina ya wale kumi na mmoja. Kila familia humpa padri karatasi yenye majina ya marehemu wake ayasome siku hiyo, na padri aliyetangulia, mtu asiyetupa hata uzi, alikuwa ameziweka karatasi zote za zamani kwenye debe la zeituni. Stamatia akachambua, akachambua, akasimama.

"Padri, hii ni karatasi ya Vaia? Imeandikwa Avgeris."

"Vaia haleti karatasi. Hiyo ya kina Kitsos."

"Na hii?"

"Ya kina mhunzi."

Kijiji kilikuwa na Avgeris mmoja tu tangu dunia iumbwe, naye yumo kwenye karatasi sita, za nyumba sita za Mtaa wa Chini, na hakuna hata moja yenye udugu naye.

"Na wewe unalisoma jina hili kila mwaka?"

"Nalisoma. Wengine bado wanaliandika mpaka leo."

"Mbona sijawahi kulisikia!"

"Stamatia, nasoma majina mia nne na watu wana njaa. Hata mimi mwenyewe sisikii ninachosoma."

Karatasi ya sita ilikuwa na herufi kubwa za kitoto, zinapanda mlima. Akaisogeza kwenye mwanga. Mwandiko ulikuwa wake. Bibi yake hakujua kuandika, na Stamatia alipokuwa na miaka minane ndiye aliyekuwa karani wake. Alimkumbuka akikanda unga: "Andika Avgeris." "Ni nani huyo, bibi?" "Andika tu, mtoto, unga unakauka."

Mtu mzima wa siku zile aliyebaki Mtaa wa Chini alikuwa mmoja, Mzee Kitsos, miaka themanini na sita. Alimpokea uani.

"Umekuja na lile daftari lako?"

"Nimekuja nalo."

"Basi liweke mezani, binti. Nimechoka kulikimbia."

Akasema. Alfajiri ile Avgeris alipanda mbio kutoka kinuni, akagonga milango sita: wanakuja, waamsheni wa juu, mimi narudi, mke wangu na Vaia wako kule peke yao.

"Mkawaamsha?"

"Tulichukua mbuzi tukaingia msituni. Kila mmoja alidhani mwenzake atapanda juu. Kufika msituni tunatazamana, tuko wote sita."

"Na njia aliyowaonyesha?"

"Walimkamata huko kinuni wakamlazimisha awaongoze, naye akawazungusha, saa nzima! Angewapitisha njia ya mkato wangetukuta hatujafika msituni. Ndiyo maana walimuua."

"Mkamwacha abebe lawama."

"Tulisema amekufa, mzigo haumwelemei. Tukamsahau mtoto wake." Mzee alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Bibi yako alitaka kusema. Tulimsihi asiseme."

Siku tatu Stamatia hakuandika. Alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote aliyewahi kuvuta pumzi, na sasa kalamu yake ilitaka kumweka mahali pabaya, tena kwa maandishi, tena milele. Angeweza kuifuta sura ya tatu tu, akanyamaza. Nani angejua? Angejua yeye, na kuku wa Vaia. Siku ya nne aliandika majina ya nyumba sita, la kwanza likiwa la bibi yake, akaenda kugonga ule mlango ulio upande wa barabara.

Vaia alisikiliza mpaka mwisho amesimama.

"Bibi yako alikuwa akiniletea unga kila Pasaka," alisema. "Anaweka, anaondoka. Nilidhani ananionea huruma." Kisha akasema, "Jumamosi ya Marehemu soma. Nitakuja na sinia."

Jumamosi, baada ya ibada, Stamatia alisoma kurasa zake uani mwa kanisa. Alipofika kwa bibi yake alilitaja jina lake, akaendelea. Alipomaliza hakuna aliyesogea. Vaia alikuwa amesimama langoni na sinia mikononi, A kubwa ya lozi imepangwa juu ya sukari, hathubutu kupiga hatua. Mzee Kitsos akatembea kwa fimbo yake ua mzima, akakinga kiganja.

"Mungu amrehemu Avgeris," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka Mtaa wa Juu, akala.

Nyuma yake akaja Stamatia, nyuma yake mtu wa Mtaa wa Juu aliyepoteza mama na kaka asubuhi ile, kisha watu wakapanga foleni hadi barabarani. Na kuku wa Vaia siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na kitu, walikosa ngano.