Salamu Kutoka Kalimoni

Jumanne ile nilimkuta Ochieng kwenye meza yake kando ya lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Gatongora, amefungua redio ya mteja na kutandaza matumbo yake yote juu ya gazeti. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Jirani mmoja alikuwa akifua karibu na bomba, kuku walikuwa wakichakura kwenye maji ya sabuni, na mimi nilikuwa nimechelewa kazini kama ilivyokuwa desturi yangu.

"Njeri, kuja uone maajabu," aliniita. "Mzee mwenye hii redio anataka niweke gundi hapa pa kugeuzia stesheni. Hataki watoto waguse. Anataka stesheni moja tu mpaka kura iishe."

"Na umemwambia aje?"

"Nimemwambia mimi ni fundi wa redio, si wa kufunga milango. Lakini nitaweka. Kazi ni kazi."

Tulicheka mpaka anayefua akatugeukia. Huyo alikuwa mteja wa tatu mwezi huo kuomba gundi.

Mimi nilikuwa mtangazaji katika kituo kidogo cha redio mjini Thika, orofa ya tatu, juu ya duka la mbegu. Nilikuwa mtangazaji mzuri, na sioni haya kulisema. Kipindi changu kilikuwa cha salamu, kila siku saa nne asubuhi. Watu walipiga simu, nami nilimuuliza kila mmoja maswali mawili: unapiga kutoka wapi, na uko na nani hapo? Hayo ndiyo waliyoyapenda. Kutajwa redioni kulikuwa sehemu ya ukarimu kwetu, sawa na kikombe cha chai. Mgeni aliyelala kwako siku mbili bila kusalimiwa hewani alirudi kwao akinung'unika.

Mama yangu, ambaye nilimwita Maitu kama tulivyozoea nyumbani, aliishi peke yake Kalimoni na ng'ombe wake wawili. Alipiga simu karibu kila siku kwa jeuri ya mzazi wa mwenye kipindi. Wasikilizaji walimpa jina, Cucu wa Kalimoni, yaani bibi kizee wa Kalimoni. Ukishuka Juja na kumuulizia, mtu wa boda alikupeleka mpaka langoni.

Yaliyofuata baada ya kura, wengi huyaita fujo. Wengine, hasa walioyaangalia kwenye televisheni, huyaita sintofahamu. Mimi niliyekuwako huyaita vita, na sibishani na mtu kuhusu jina hilo.

Vilianza masikioni. Zamani ploti nzima ilisikiliza taarifa ya habari kutoka redio moja, ile ya Ochieng, iliyokaa dirishani kwake. Kufikia wiki ya kura, kila mlango ulikuwa na redio yake, na kutoka langoni hadi kwangu nilikuwa nikipita washindi watatu tofauti. Watu walioazimana chumvi waliacha kusalimiana. Kila mmoja alikuwa na habari zake, na kila mmoja alimwona mwenzake mjinga aliyedanganywa.

Kituo chetu nacho kilikuwa na upande. Mhariri wetu, Gitau, hakuwahi kutuagiza tuseme uongo. Alituambia tu tumpigie nani simu. Watu wa upande wa pili hatukuwapigia, basi hofu yao haikusikika, wala maiti zao. Uongo mwingi niliouona redioni ulijengwa hivyo, kwa maneno ya kweli matupu. Niliujua wakati ule ule, na niliendelea kusoma karatasi nilizopewa.

Matokeo yalitangazwa Jumamosi. Jioni hiyo tulisikia risasi upande wa barabara kuu, kwanza moja moja, kisha mfululizo.

Jumapili asubuhi mlango wa Ochieng ulikuwa na alama ya msalaba kwa chaki nyeupe. Ni mlango mmoja tu katika ploti yetu uliochorwa. Jina lake na kabila lake vilijulikana na kila mtu, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemletea redio.

Mkewe, Akinyi, alikuwa ameondoka na watoto kwenda kwao kabla ya kura. Ochieng alibaki kwa sababu ya redio za wateja. Alisema hawezi kuondoka na vitu vya watu viko wazi mezani. Nilimwita mpumbavu mbele ya uso wake, na mpaka leo nadhani nilikuwa sahihi.

Binamu yangu alikuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Tulimlaza Ochieng nyuma, katikati ya mikebe, tukamfunika kwa magunia, tukapita vizuizi viwili bila kusimamishwa. Saa tatu asubuhi alikuwa jikoni kwa Maitu, Kalimoni, ameshika kikombe.

"Maitu, huyu ni Ochieng, fundi wa redio, jirani yangu," nilisema. "Nyumba yake inapakwa rangi. Atakaa siku chache."

"Karibu, baba," Maitu alimwambia. "Hata redio yangu inakoroma tu."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Maitu alikuwa na ugonjwa wa presha, na sikutaka ajue kwamba kuna watu wanaomtafuta mgeni wake. Ochieng aliniangalia. Alinielewa, akafuata uongo wangu kwa heshima.

Siku tatu zilipita. Mjini Thika maduka yalikuwa yamefungwa, lakini Gitau alitaka kipindi cha salamu kiendelee, watu wasikie kwamba maisha yapo. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye. Jumatano saa nne na dakika chache, simu ya tano ilikuwa ya Maitu. Nilifurahi. Kwa siku tatu sauti zote nilizosikia zilikuwa za kulaani.

"Cucu wa Kalimoni! Unapiga kutoka wapi leo?"

"Si umesema mwenyewe, Kalimoni! Wewe nawe."

"Na uko na nani hapo?"

Swali lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimeliuliza mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali.

"Niko na mgeni wangu, fundi Ochieng wa Gatongora," Maitu alisema kwa furaha. "Ametengeneza redio yangu, saa hii nakusikia ni kama umekaa hapa jikoni. Nataka nimsalimie yeye, na Akinyi bibi yake, na watoto wao huko kwao. Wajue baba yao amekula vizuri."

Niliweka wimbo.

Nilimpigia Maitu. Laini ilikuwa na shughuli. Ochieng alikuwa amezima simu yake, kwa amri yangu mwenyewe.

Niliteremka ngazi mbio, nikapata mtu wa boda aliyekubali kwa sababu aliitambua sauti yangu.

Karibu na Juja matairi yalikuwa yanawaka barabarani. Vijana wenye mapanga walitusimamisha. Nilitoa kitambaa nilichojizibia moshi usoni, nikasema jina langu.

"Ni Njeri wa redio! Pitisha, pitisha!"

Mmoja wao alinipigia saluti kwa panga. "Tumeskia ile ya cucu wako," alisema. "Wasee wetu wametangulia huko kwake."

Walinipenda.

Lango la Maitu lilikuwa limelala chini. Ukuta wa jikoni ulinuka petroli. Maitu alikuwa amesimama mlangoni na jembe mkononi, bila kitambaa kichwani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele ya watu.

"Yuko wapi?"

"Walisema watachoma nyumba na mimi ndani," alisema. "Akaniambia, 'Cucu, funga mlango.' Akatoka. Akakimbia pale kwa nepia, majani ya ng'ombe, wote wakamfuata. Njeri, hao watu ni akina nani? Kwani amefanya nini?"

Nilikimbia.

Lori la polisi lilikuwa limefika kutoka barabarani. Walifyatua risasi hewani, na vijana wakatawanyika kwenye mibuni.

Ochieng alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shamba. Mikono yake ilikuwa imekatwa alipokuwa akijikinga. Alikuwa anapumua.

Polisi walitubeba. Hakufika hospitali. Alikata roho kabla hatujaingia Thika, kichwa chake mapajani mwangu, na hakusema neno lolote ambalo ningeweza kuwapelekea watoto wake.

Kufikia saa tisa alasiri, alikuwa ameshauawa upya mara mbili. Redio za upande wetu zilisema jambazi aliyetumwa kuvamia kikongwe Kalimoni ameuawa na wananchi wenye hasira. Redio za upande wa pili zilisema mwanamke mzee wa Kalimoni alimvuta fundi nyumbani kwake kwa chakula, kisha akawaita wauaji kwa simu. Watu waliamini moja au nyingine kulingana na pale redio zao zilipowekewa gundi. Hakuna aliyenipigia kuniuliza, na mimi nilikuwa bado na damu yake kwenye sketi.

Gitau alinipa karatasi ya taarifa ya saa kumi. Ilisema jambazi.

"Siwezi kusoma hii," nilimwambia.

"Njeri, skiza. Ukitaja jina, tutachomewa kituo."

"Basi nitalitaja, na nikishamaliza nitatoka."

Nilisoma yangu. Nilisema aliyeuawa anaitwa Ochieng, fundi wa redio wa Gatongora, mume wa Akinyi. Kwamba hakumvamia mtu. Alikuwa mgeni wa mama yangu, na alitoka nje ili mama asichomwe. Kwamba mama yangu hakumwita mtu yeyote. Kwamba wauaji walijua alipo kwa sababu mimi niliuliza hewani, na mama akajibu kwa wema, kwa kuwa nilikuwa nimemficha ukweli. Gitau alisimama upande wa pili wa kioo, mkono kwenye swichi. Hakuizima. Kesho yake alinifuta kazi, na siku hizi tukikutana mjini tunasalimiana vizuri.

Maitu nilimweleza yote jioni hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi najua kunyamaza. Nilizaliwa wakati wa mkoloni, wakati wa watu kunyamaza."

Alikuwa anasema kweli. Niliwapa habari watu wa Thika, Ruiru na Juja kwa miaka tisa, lakini mama yangu, aliyehitaji habari moja tu, nilimnyima nikadhani namhurumia. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Hakuwasha redio tena wala hakunilaumu tena, na la pili lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Leo nawafundisha watangazaji wachanga. Nawaambia bila kumung'unya maneno kwamba maikrofoni haina upande salama, na kwamba anayemficha mtu ukweli kwa huruma na anayemficha kwa chuki hufika mahali pamoja. Wengine huniona mkali. Ni sawa. Najua ninachosema, na najua kilimgharimu nani.

Akinyi alinipigia mara moja tu, siku ya nne baada ya mauaji. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hata nilitamani anitukane.

"Nilikuwa naskiza," alisema.

"Ile taarifa ya saa kumi?"

"Ile ya saa nne. Nilikuwa naskiza kwa simu, kwa mtandao. Cucu aliposema jina lake, niliita watoto waje haraka. Siku tatu hatukuwa tumejua kama yuko hai. Tulipiga makofi, Njeri. Mdogo alicheza densi kwa nyumba."

Kisha akakata simu.