Utafiti Wangu wa Mkekani

Nichekeni tu, maana mimi nimewacheka wengi. Kazini kwangu Kilifi nachambua takwimu, na hakuna niliyemdharau kama mtu anayechagua shahada kwa kufuata maneno ya watu. Kondoo, nilikuwa nikiwaita. Basi nilipokwama baina ya uzamili wa takwimu za nadharia, Nairobi, na ule wa takwimu za afya, hapa hapa Kilifi, nikaapa kuamua kisayansi.

Tulikuwa matangani Kaloleni. Nikawauliza mama mkubwa, mashangazi na mama wadogo wote waliokaa mkekani: Nairobi au Kilifi? Wote wakasema Kilifi. Hakuna aliyepinga. Kichwa kikanivimba.

Juzi, kwenye mahojiano ya kujiunga na chuo cha hapa Kilifi, profesa, mama mmoja mpole wa Malindi, akaniuliza kwa nini nimechagua kwao. Nikajibu kwa madaha kwamba wengine hubahatisha, lakini mimi nimefanya utafiti, na jibu lilikuwa moja.

"Uliwauliza mmoja mmoja?"

"La, Profesa. Wote pamoja."

"Nani alijibu kwanza?"

"Mama mkubwa. Ndiye mkubwa wetu sote."

"Na akishasema yeye, nani kwenu huthubutu kumpinga?"

"Hakuna."

"Basi, mwanangu, umehoji mtu mmoja." Wenzake wakainama kuficha vicheko. "Haya, na huyo mmoja alitoa sababu gani?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Alisema Nairobi kuna baridi."