Majivu ya Mekoni Katika Tangi la Kang'ata

Ipo asubuhi moja, mjukuu wangu, naikumbuka mpaka leo: asubuhi niliyochota majivu mekoni kwangu nikayatia kwenye gunia la Fundi Yohana. Nasikia ninyi mliotoka chuoni mnataka kujenga kwa kupunguza saruji na kutia majivu ya mabaki ya mazao. Wenzangu wanacheka. Mimi sicheki, maana jambo hilo nimeliona kwa macho yangu wakati wa Mwingereza, mama yako hajazaliwa. Sogea karibu, mguu wangu huu haunyanyuki tena, nikusimulie.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kang'ata miezi michache tu. Huko kwa Wazungu kulikuwa na vita, na saruji, iliyokuwa ikija kwa meli mpaka Tanga, ikawa adimu. Shida yetu sisi ilikuwa maji. Unaijua Handeni yetu: mvua ikikatika, wanawake tunashuka korongoni kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike. Jumbe wetu akaenda kumlilia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akarudi na magunia machache ya saruji ili tujenge tangi la mawe kando ya baraza, likinge maji ya paa la bati.

Fundi aliitwa kutoka Korogwe. Ndiye huyo Yohana, mtoto wa manamba waliotoka Unyamwezi kukata mkonge, mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyoliwa na chokaa. Alipoyahesabu yale magunia alitikisa kichwa.

"Hii haitoshi, Jumbe. Lakini tunaweza kuisaidia. Nipeni magunzi ya mahindi."

Watu waliangua kicheko. Magunzi! Yeye akaeleza bila kuudhika kwamba kule Mombo mwashi mmoja mzee alimfundisha kuchoma pumba za mpunga polepole mpaka zitoe majivu ya kijivu, kuyatwanga yawe laini kama unga, kisha kuchanganya debe moja la majivu na madebe manne ya saruji. Hapa kwetu mpunga hakuna, ndiyo maana alitaka magunzi. Alikuwa ameyajaribu kwenye sakafu ya nyumba yake tu, na hilo hakulificha.

"Ukuta wa majivu hushika taratibu," akasema. "Ni lazima ulowanishwe kila siku kwa wiki nne. Mkiuacha ukauke upesi, mtanilaumu bure."

Kazi ya kuyatwanga na kuyachekecha nilipewa mimi. Mwanangu, usidhani ni kazi ndogo. Majivu yanaruka, yanaingia puani, yanakausha viganja mpaka vinapasuka. Tena nilikuwa na mimba changa, kila harufu inanichafua roho. Asubuhi hiyo ninayokuambia, gunia la mwisho lilikuwa nusu na Fundi alikuwa analisubiri. Nikatazama kinu, nikatazama mafiga yangu. Nikajiambia majivu ni majivu. Nikachota ya kuni, na vipande vyake vyeusi vya mkaa, nikajaza gunia, nikafunga. Fundi akapokea, akanishukuru. Shukrani ile ilinichoma, lakini nikarudi mekoni.

Tangi likaisha. Fundi akaenda Korogwe kumwona mtoto wake mgonjwa, akatuachia maagizo ya kulowanisha ukuta. Masika yakaja, paa likamwaga maji, tangi likajaa mpaka juu. Wanawake tulipiga vigelegele! Siku ya tatu ukuta wa upande wa baraza ukaanza kutoa jasho. Siku ya tano ukapasuka ufa mrefu, lipu ikawa inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Kabla mvua hazijaisha, ndani ya tangi palikuwa na tope la kufika kifundo cha mguu, basi.

Watu wakakumbuka magunzi. "Ametupakia majivu," wakasema, "saruji yetu ameiuza njiani." Jumbe akatuma askari wake Korogwe, Fundi akaletwa barazani. Aliulizwa saruji iko wapi. Akajibu iko ukutani. Akaulizwa basi kwa nini ukuta umepasuka. Akasimama pale, anauangalia ufa, anaangalia mikono yake, akasema, "Sijui." Nilikuwa nimeketi na wanawake, hatua chache tu kutoka kwake. Nikavuta kanga yangu usoni. Nilijiuliza: gunia moja linaweza kuangusha ukuta mzima? Na kama haliwezi, kwa nini nijitie aibuni? Jumbe akaamua kwamba baada ya siku mbili Fundi atapelekwa Handeni kwa Bwana Shauri kama mwizi.

Kesho yake mama mkwe wangu alishuka korongoni kuchota maji, kwa kuwa mimi tumbo lilikuwa limenilaza. Aliteleza na mtungi wake. Walimbeba wakamleta nyumbani, nyonga imevunjika. Nilipokuwa nikimkanda, akaniambia, "Usilie, mwanangu, kosa ni la yule Mnyamwezi." Ndipo nilipolia kweli. Nikamweleza kila kitu. Akauondoa mkono wangu nyongani mwake, akasema, "Basi unafanya nini hapa? Nenda ukaseme."

Nikaenda. Nilimkuta Jumbe barazani na wazee wake, na Fundi ameketi chini kusubiri lori. Nikapiga magoti, nikasema: gunia la mwisho sikulitwanga, nilitia majivu ya mekoni.

Nilidhani Fundi atanipigia kelele, au atamshukuru Mungu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Lakini siku zote nilidhani ni mimi," akasema polepole. Akamgeukia Jumbe. "Magunia mawili ya saruji yalinyeshewa, nilisahau kuyafunika, yakawa mawe. Niliona haya kukuambia. Upande ule uliopasuka nikachanganya debe moja la majivu na madebe mawili tu ya saruji. Mawe yenyewe nimeyafukia nyuma ya baraza."

Wakafukua, wakayakuta. Jumbe akakuna kidevu. "Sasa kati yenu, nani ameharibu tangi?"

"Sijui, Jumbe. Lakini niambie na wewe: ukuta ulilowanishwa siku ngapi?"

Jumbe akageuka kuutazama ufa. Mzee mmoja akakohoa. Mwishowe Jumbe akasema kwa sauti ya chini, "Siku nne. Korongo lilikuwa limekauka. Ningewezaje kumwagia mawe maji, na watoto wana kiu?"

Hakuna aliyecheka. Safari ya Handeni ikafa palepale.

Fundi hakuondoka. Kwa saruji kidogo aliyoikung'uta kwenye magunia matupu alifinyanga madonge, akabadilisha jambo moja katika kila donge, akayaacha mwezi mzima, kisha akayatumbukiza majini. Donge la majivu yangu ya mekoni, nililotarajia liyeyuke, lilikaa imara! Lile la majivu mengi lilimomonyoka pembeni. Lile lisilolowanishwa likapasuka. Nikashusha pumzi, nikasema, "Kumbe si mimi." Akanikatiza. "Usijifurahishe. Ukutani yalikuwa yote matatu pamoja, na saruji ya kuyajaribu pamoja sina. Ungeniambia siku ileile, tungetwanga gunia jipya. Mimi ningemwambia Jumbe, Jumbe angeniambia mimi. Makosa yetu yote yangerekebishwa kabla ya jua kuzama. Sasa mama mkwe wako amelala kitandani, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwambia ni kwa sababu gani."

Mwaka uliofuata, tulipopata saruji nyingine, tulijenga ukuta ule upya, magunzi yaleyale, kipimo kilekile cha moja kwa manne, tukaulowanisha kwa maji tuliyobeba vichwani wiki nne nzima. Ulishika. Mama mkwe wangu alikunywa maji yake, lakini hakutembea tena bila fimbo. Nami, mwanangu, miaka yote hii, bado kuna siku najiuliza kama ni gunia langu lililomvunja. Siku nyingine nasema hapana. Sijapata jibu, na sasa sidhani kama nitalipata.

Kwa hiyo nakuasa. Majivu usiyaogope, ni kitu cha kweli. Yajaribu kwanza kwa kidogo, mahali ambapo hakuna mtu atakayeumia. Na ukibadilisha chochote, hata kwa kuchoka, hata kwa kibaba kimoja, kiseme siku hiyohiyo kwa mwenye kazi, wakati bado kinarekebishika. Usingoje mtu avunjike ndipo upate ujasiri. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, kama alivyosema Fundi alipoulizwa kati yetu nani ameharibu tangi.

Mungu aibariki mikono yako na ulimi wako vilevile. Akupe watu wa kufanya nao kazi ambao hutaona haya kuwaambia ukweli, na wanaokunywa maji ya tangi lako wakuombee hata wasipolijua jina lako. Amina, mwanangu.