Fundi Anayebandua Plasta Yake Mwenyewe

Saa moja asubuhi maduka ya barabara hii ya katikati ya mji bado yamefungwa, lakini nyundo ya Fundi Laini inalia. Yuko juu ya jukwaa la mbao, mbele ya nyumba kuukuu ya ghorofa moja, anabandua plasta taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Na plasta hiyo, wewe, aliipiga yeye mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Ilishika," anasema bila kugeuka. "Ndiyo shida yenyewe. Ilishika."

Chini ya plasta kuna jiwe lililochongwa maua, na katikati ya maua, mwaka nyumba ilipojengwa.

Nyumba za namna hii zilikuwa kumi na saba. Zimebaki tatu, zimebanwa na majengo ya vioo. Hii baraza la mji linataka kuibomoa, pawe maegesho ya magari. Mwezi uliopita wakaguzi walikuja, wakatazama ukuta laini, wakaandika: hakuna alama ya kale. Alhamisi wanarudi mara ya mwisho. Wasipoona kitu, familia tano za juu na duka la ushonaji la chini, wote nje.

Mshonaji wa duka hilo ni shemeji yake, mjane wa kaka yake. Kwa cherehani ile kalea watoto wanne. Anatoka na kikombe cha chai, anatazama juu.

"Shemeji, maisha yako yote unalipua kazi. Siku moja tu ukaamua kuifanya vizuri, ikawa hii."

"Niache bwana."

"Nikuache vipi? Lipua basi kidogo, tuone huo mwaka."

Fundi hacheki. Kuna jambo hajamwambia. Plasta haishiki kwenye jiwe laini mpaka uligongegonge kwanza kwa patasi, litoke mashimo.

"Mwenye nyumba wa wakati ule aliona maua yamepitwa na wakati," ananisimulia kwa sauti ya chini, shemeji asisikie. "Ningeweza kuweka wavu wa waya wa kushikia plasta, maua yakabaki mazima. Nilijua. Lakini wavu ni kazi ya siku mbili, na mimi nilitaka kumaliza siku ileile. Nikayapiga patasi. Halafu jioni nikaenda kwa kaka kujisifu."

Saa tatu kipande kikubwa kama sahani kinadondoka. Nusu ua. Halafu tarakimu: mbili nzima, ya tatu imetoboka, ya nne ni shimo.

Shemeji kapanda kwenye stuli. "Hiyo ya mwisho imekuwaje?"

"Ni patasi yangu."

Shemeji anamtazama. Anashuka, anaingia dukani, anarudi na brashi ya nguo.

"Futa hilo vumbi," anasema. "Na Alhamisi utasema mwenyewe. Mimi sikusemei."

Fundi anafuta. Masikio yamemwiva. Anasema Alhamisi atawangoja wakaguzi palepale mbele ya nyumba na patasi ileile, anayo bado, aipachike kwenye kila shimo waone inavyoingia.

"Waandike kwamba fundi aliuharibu, hata jina langu waliweke," anasema. "Mradi waandike kwamba mwaka ulikuwepo."