Siku Mama Igihozo Alipotoka Nje

Mama Igihozo hakuwa mwoga. Huyu ni mwanamke aliyeuza maharagwe soko la Birere, akigombana na wapagazi na kuwashinda. Lakini tangu mumewe Damascène apooze upande mmoja, woga ulimwingia ukamkalia. Mumewe akinyamaza, anamwekea mkono puani asikie pumzi. Akikohoa, anakimbia, sufuria linaungua. Hata msalani alienda mbio. Sisi majirani wa mtaa wa Katoyi tulimcheka, halafu tukaacha, maana alikuwa anakwisha tunamwona.

Kila wiki alipigiwa simu na Angèle, muuguzi wa Butembo anayewashauri wanaouguza wagonjwa nyumbani. Mimi nilimdharau: simu itamwinua mgonjwa gani? Lakini ni yeye tu aliyeuliza habari za Mama Igihozo mwenyewe.

"Mama, unalalaka?"

"Silalake. Minaogopa."

"Kesho toka inje kidogo, utembee. Muache na jirani."

"Na akikufa niko inje?"

"Jirani atakuita."

Jirani ni mimi. Siku ya pili akamlaza mumewe vizuri, akaniaga mara tatu, akaondoka akigeuka nyuma. Nikakaa uani nachambua sombe, majani ya mihogo ya kupika jioni. Mara nikasikia sauti kutoka chumbani, nzito, ya kukatika-katika. Nikadhani anakata roho. Nilishindwa kabisa kuingia, nasema ukweli. Nikampigia simu mke wake.

Alirudi akikimbia juu ya mawe ya volkano yaliyojaa mtaani kwetu, kiatu kimoja mguuni. Akashika mlango, akatega sikio. Nikaona uso wake unabadilika. Akampigia Angèle, akanong'ona:

"Ako nalia."

"Anapumua vizuri?"

"Ndiyo. Ako nalia tu. Sijamuonaka akilia, hata siku ya kifo cha mama yake."

"Ulikuwa unamuachaka peke yake?"

Tangu ugonjwa uanze hakumwacha hata kidogo, na Damascène si mwanaume wa kulia mbele ya mke.

"Basi, mama, muache alie. Kaa inje."

Akakaa chini kando yangu, mkono mdomoni. Tukangoja. Sauti ikapungua, ikaisha. Halafu tukasikia Damascène akipenga kamasi, kisha akaita:

"Mama Igihozo! Umerudi?"

Mama Igihozo akafuta macho. Akainuka taratibu, akarudi hadi barabarani, akaanza kuja akikanyaga kwa kishindo.

"Ndiyo, papa," akasema. "Minafika saa hii."