Theluji ya Mwezi wa Saba

Dada yangu mkubwa aliondoka Durban mwezi wa kwanza, jasho likitutiririka sote wawili pale uwanja wa ndege, yeye akiwa amevaa koti nene alilopewa kanisani kwa ajili ya Kanada. Alikataa kulivua, eti akilivua atalisahau. Nilimwambia anafanana na gunia la makaa lililopata miguu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha jina la ndege yake likatajwa. Nikikumbuka maneno ya mwisho niliyomwambia ana kwa ana, ni hayo ya gunia.

Sisi ni watu wa Bukavu. Yeye alitangulia kuingia nchi hii, mimi nikamfuata baada ya miezi minane, na tukakaa miaka sita katika chumba kimoja cha ghorofa, mtaa wa Umbilo, kitanda kimoja, sufuria moja. Lakini faili lake la ukimbizi lilikuwa limefunguliwa kabla sijafika, na jina lililokuwa ndani yake lilikuwa moja tu. Kanada ilipomkubali, ilimkubali peke yake. "Nikifika nitakuita," aliniahidi. Kwa Kiswahili chetu kuita ni kupiga simu, na kuita ni kumwambia mtu njoo. Mimi niliyasikia yote mawili.

Alipiga kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni alizungumza mpaka sikio linapata moto. Aliniambia theluji ni kama unga wa muhogo umemwagika mji mzima na hakuna anayeuzoa. Miezi ikapita, simu zikaanza kufupika. Nilikuwa nikimuuliza kuhusu makaratasi yangu, na kila nilipouliza, theluji iliongezeka.

"Niko inje, iko neige mingi, vidole vinakufa," alikuwa akisema. "Nitakuita."

Na simu inakatika.

Saluni nilikofanya kazi tulikuwa wasusi watatu. Mmoja wao, Mtanzania mwenye ulimi wa pilipili, aliniuliza siku moja mbele ya wateja, "Huyo dada yako hana nyumba? Kila akipiga yuko nje?" Nilimnunia wiki nzima na kichana changu hakukigusa. Mwezi wa sita ulipofika, na Durban ikaanza kupoa, na mimi nikalala na soksi, nilimwonea huruma dada yangu zaidi. Nilijiambia sasa sote tuko kwenye baridi, ila yake imezidi. Kwetu mwaka una mvua na kiangazi tu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba baridi ina zamu.

Ndipo mteja wangu mmoja akanialika. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Mkenya, mama wa makamo anayesukwa akisahihisha mitihani mapajani. Alikuwa anakwenda kutazama tamasha la theluji na sanamu za barafu, kule bara chini ya milima, na kiti kimoja cha gari kilikuwa wazi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka kuijua baridi hiyo, ili siku nikifika Kanada nisimwaibishe dada yangu kwa kutetemeka. Na zaidi ya hapo, nilitaka kuwa na jambo la kumsimulia ambalo lingemfanya asikate simu.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Nilivaa sweta mbili na taulo la saluni shingoni. Tukapita Pinetown, hapo jirani tu na Durban, viwanda vikiwa vimefungwa, tukapanda mpaka majani yakawa ya kahawia na milima ikaonekana, myeupe vichwani. Mwalimu alizima redio na kunitazama, akisubiri niseme kitu. Nilikuwa nimeifikiria theluji kwa muda mrefu hivi kwamba nilipoiona nilihisi kama nimechelewa.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa shamba. Wanaume waliovaa miwani ya kazi walichonga mabonge ya barafu kwa misumeno ya umeme, vipande vikirukia watoto, watoto wakipiga mayowe. Palikuwa na tembo, samaki, na kiti kikubwa cha kifalme ambacho watu walipanga foleni wapigwe picha. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Baba na mtoto, mume na mke, wasichana wawili katika blanketi moja. Mwalimu aliwaona wenzake wa chuo akaenda kuwasalimu, na mimi nikabaki na tembo.

Nilimuuliza mchongaji barafu hiyo waliitoa mlima gani. Alifuta miwani yake.

"Eish, sisi," akanijibu kwa Kiingereza, sisi ya huku ikiwa ni dada, "hii imekuja na lori la friji kutoka Pinetown."

Nilicheka kwa sauti. Tumeamka alfajiri, tumepanda milima, kuja kuona barafu iliyotengenezwa nyuma ya nyumba yetu! Nikageuka kumwambia dada yangu. Niligeuka kabisa, mdomo umefunguka, mkono umenyooka kumpiga begani kama tulivyozoea. Hakukuwa na mtu. Mkono ule niliurudisha mfukoni, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote tangu aondoke.

Theluji ya kweli ilikuwa imebaki kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, imekanyagwa, imechanganyika na matope. Nilichuchumaa nikachota kiasi cha kiganja. Iliunguza kwanza, kisha ikawa maji tu, ikaingia kwenye mkono wa sweta. Nilichota tena. Nilimhurumia dada yangu kwa moyo wote, na vidole vyake.

Mwalimu alinikuta hapo na vikombe viwili vya chai.

"Dada yangu anaishi ndani ya hii," nikamwambia. "Hata Jumapili iliyopita alikata simu, theluji ilimzidi."

"Jumapili hii tu iliyopita?" akauliza. "Si ulisema yuko Kanada?"

"Ndiyo."

"Lakini huko saa hii ni summer. Sisi tukiwa na baridi wao wako na joto, inapinduka hivi." Alizungusha kiganja chake, kama mwalimu. "Mwezi wa saba watu wa huko wanavaa kaptura na kuchoma nyama nje." Kisha akaniona uso.

"Labda upande wake ni tofauti," nikasema.

"Labda," akasema, akaangalia chai yake.

Hiyo labda ilinikasirisha kuliko uongo wenyewe. Nilimwacha hapo nikaenda nyuma ya magari. Nilikumbuka koti lile uwanja wa ndege na jasho letu. Mwezi wa kwanza sisi tulikuwa tunachemka, naye alikuwa anakwenda kwenye baridi. Jibu lilikuwa limevaliwa mbele ya macho yangu, na mimi nililicheka. Nikaanza kuhesabu nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, na vidole vyote vile vilivyokufa kila nilipotaja makaratasi. Nikaelewa kwamba hakuna makaratasi, na kwamba alikuwa anajua hivyo kwa muda mrefu. Hasira ilinipanda mpaka nikaona meno yangu yanauma.

Nikampigia. Kwao kulikuwa asubuhi. Alipokea upesi, akidhani kuna msiba. Nyuma yake feni ilikuwa inazunguka, na watoto walikuwa wanarushiana maji.

"Yaya," nikasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "niko kwenye theluji."

"Wapi?" akauliza.

"Milimani, nimeletwa na mteja. Nimeishika na mkono."

"Inauma?"

"Inauma." Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyapanga kabisa. Lakini sauti yake ilikuwa ile ya kitandani, Umbilo, aliyoitumia akiwa na jambo na hataki niamke. Nikamfungulia mlango ili aseme mwenyewe. "Na kwako, Yaya? Leo iko?"

Nilisikia feni. Nilisikia mtoto akicheka na maji yakimwagika.

"Iko," akasema. "Iko mingi."

"Basi ingia ndani, Yaya," nikamwambia. "Baridi isikushike."